Felix Hoffmann: Mkemia aliyetengeneza aspirini na heroini ndani ya wiki mbili

Ukienda duka la dawa leo ukaomba kidonge cha kichwa au cha mgongo, huenda ukapewa diclofenac, ibuprofen au aspirini bila kuulizwa maswali mengi. Dawa hizi ni za ukoo mmoja, na kaka yao mkubwa ni aspirini. Wiki hii nataka umfahamu mtu aliyeitengeneza, kwa sababu tatizo alilotaka kulimaliza bado tunalo.

Felix Hoffmann alizaliwa Ludwigsburg, Ujerumani, Januari 21, 1868. Alianza kwa kufanya kazi kwenye maduka ya dawa, kisha akasomea famasia na kemia Chuo Kikuu cha Munich. Profesa wake, Adolf von Baeyer, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alimpendekeza kwa kampuni ya Bayer, nayo ikamwajiri mwaka 1894. Majina yanafanana, lakini profesa na kampuni hawakuwa na undugu wowote.

Miaka hiyo wagonjwa wa baridi yabisi walikuwa wakitumia asidi ya salisili. Maumivu yalipungua kweli, ila dozi ilikuwa kubwa, ladha mbaya, na tumbo liliwaka moto hadi mtu akatapika. Inasimuliwa kwamba baba yake Hoffmann alikuwa mmoja wao, na mtoto akaamua kumtafutia dawa isiyomuumiza tumbo. Agosti 10, 1897, aliandika kwenye daftari lake la maabara kwamba amepata asidi ya salisili iliyobadilishwa kidogo, ikiwa safi na imara. Hiyo ndiyo aspirini.

Simulizi ya baba mgonjwa ni nzuri, lakini ilichapishwa mwaka 1934, wakati Wanazi wako madarakani. Mkemia mwenzake, Arthur Eichengrün, ambaye alikuwa Myahudi, hakutajwa. Alifungwa katika kambi ya Theresienstadt, akatoka akiwa hai, na mwaka 1949 akaandika kwamba Hoffmann alifanya kazi ile kwa maelekezo yake. Akafariki mwaka huohuo. Kampuni haikubaliani naye. Kwa maoni yangu, mkono ulikuwa wa Hoffmann, lakini Eichengrün hakustahili kufutwa.

Chini ya wiki mbili baada ya aspirini, Hoffmann aliibadilisha mofini kwa njia ileile, akapata dawa ambayo Mwingereza mmoja alikwisha kuitengeneza mwaka 1874 bila watu kuijali. Bayer waliiita Heroin, wakaiuza kuanzia mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Ndiyo, msomaji, heroini hiihii inayowamaliza vijana wetu. Wakati huohuo aspirini iliwekwa kando, kwa kuwa mkuu wa majaribio, Heinrich Dreser, aliamini inadhoofisha moyo. Eichengrün aliijaribu mwenyewe, kisha akawapa madaktari wa Berlin kimyakimya, nao wakaipenda. Jina la aspirini lilisajiliwa Machi 1899. Leo dozi ndogo yake tunawapa wagonjwa wa moyo!

Hoffmann alihamia idara ya mauzo ya dawa, akastaafu mwaka 1928. Hakuoa. Alifariki Uswisi, Februari 8, 1946, bila kujua dawa yake inafanyaje kazi mwilini.

Jibu alilitoa Mwingereza John Vane mwaka 1971. Mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta maumivu, homa na uvimbe. Aspirini huzuia zisitengenezwe. Tatizo ni kwamba kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Kwa hiyo tumbo haliumizwi na ukali wa kidonge peke yake. Hata ukichomwa sindano ya diclofenac ambayo haikupita tumboni, vidonda vya tumbo vinaweza kutokea. Wagonjwa wangu wengi hushangaa wakisikia hivyo, maana wamezoea kuomba sindano ili kukwepa vidonda.

Ndiyo maana tunasema dozi ndogo inayotosha, baada ya kula, kwa siku chache. Usimeze mbili za ukoo huu kwa pamoja ukidhani utapona haraka. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito amwone daktari kwanza. Na ikiwa umeandikiwa aspirini ya moyo, usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Kwa wazazi: mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila agizo la daktari. Ikitumiwa wakati ana mafua makali au tetekuwanga, inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ini na ubongo. Ile ndogo ya miligramu 75 ambayo wengi huiita junior ni ya watu wazima wenye matatizo ya moyo, jina lisikudanganye. Homa ya mtoto ipimwe, na ya kuituliza ni parasetamoli kwa uzito wake. Inapohisiwa dengi, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hata mtu mzima aepuke aspirini, ibuprofen na diclofenac, kwani huongeza hatari ya damu kuvuja.

Ukiwa unatumia dawa hizi ukaona choo cheusi kama lami, au ukatapika damu, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo, na ubebe pakiti ya dawa uliyomeza.