Elspeth Huxley na vinyonga wa Thika

KABLA ya Thika kuvuma kwa viwanda na mananasi, ilikuwa nyika ya majani marefu iliyopakana na mito ya Chania na Thika. Huko ndiko alikoishi utotoni Elspeth Huxley, mwandishi aliyelieneza jina la mji huo duniani.

Alizaliwa London, Uingereza, Julai 23, 1907. Mnamo 1912 wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walihamia Afrika Mashariki, wakanunua ekari 500 karibu na Thika ili wakuze kahawa. Binti yao wa pekee aliwafuata mwaka wa 1913.

Maisha hayo aliyasimulia katika The Flame Trees of Thika, kitabu cha mwaka wa 1959 kilichochanganya kumbukumbu na ubunifu. Humo, msichana anayesimulia anafuga vinyonga wawili na mtoto wa paa.

Kumfuga kinyonga si kazi nyepesi. Chakula chake ni wadudu walio hai, kama vile panzi, nzi na mbawakawa wadogo, nacho kiu hukikata kwa matone ya umande yaliyo majanini. Kumshikashika humtia hofu. Isitoshe, Wagikuyu husimulia kuwa kinyonga alitumwa na Mungu awaambie wanadamu kwamba hawatakufa, akajikokota njiani hadi ndege akamtangulia. Hivyo, kiumbe aliyekuwa kipenzi cha mtoto wa mlowezi aliogopwa na majirani wa shamba lake.

Naye paa, alipokomaa, aliitikia mwito wa nyika akaenda zake. Mtoto alilazimika kukubali kwamba kupenda si kumiliki.

Hata hivyo, walowezi hawakuitazama ardhi kwa jicho hilo. Waliita mali yao nchi ambayo Wagikuyu waliijua kuwa yao. Huxley mwenyewe alianza kwa kuwasifu walowezi katika White Man's Country, kitabu chake cha 1935 kuhusu Lord Delamere. Miaka minne baadaye alitoa Red Strangers, riwaya inayofuata vizazi vya familia ya Kigikuyu na kuonyesha jinsi ujio wa wazungu ulivyovuruga maisha yao.

Vita Vikuu vya Kwanza viliiondoa familia hiyo Thika. Baadaye wazazi wake walilima Njoro, naye mwaka wa 1925 akaenda ng'ambo kusoma. Aliolewa na Gervas Huxley mwaka wa 1931, na akafariki Uingereza Januari 10, 1997, akiwa na umri wa miaka 89.

Siku hizi sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haimruhusu mtu kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali. Mtoto wa Thika anayempenda kinyonga hana budi kumtazama akiwa kichakani, kisha amwache aende zake, kama paa yule wa kitabuni.