Piscator: Jukwaa Lililotoa Ushahidi
Katika watu wa michezo ya kuigiza ninaowastahi mno ni Erwin Piscator, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1893. Vita vya 1914 hadi 1918 alivipigana mwenyewe, akarudi akivichukia. Mwaka 1925, mjini Berlin, aliunga mchezo kwa hotuba, habari za magazeti na senema za vita hivyo. Kuanzia 1931 aliishi ugenini miaka 20. Mwaka 1965, uzeeni, alionyesha mchezo wa Peter Weiss uliotokana na ushahidi wa kesi ya Auschwitz, kambi walimouawa watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Mayahudi. Alifariki 1966. Sisi watunzi twapenda kupamba. Marehemu huyu amenifunza kwamba yako maneno ambayo kuyapamba ni kuyadhulumu.