Alexander Hamilton na Hesabu ya Mabaki

Mwalimu afundishapo kugawanya kwa uwiano hutumia sukari au unga, vitu ambavyo hukubali kupimwa nusu na robo. Kiti cha mbunge hakikatiki, wala mwalimu hakatiki. Taabu hiyo ilimshughulisha mapema Alexander Hamilton, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis katika bahari ya Karibi.

Mama yake alifariki mwaka 1768, naye angali mtoto. Akawa karani wa wafanyabiashara kisiwani St. Croix, kazi iliyomzoeza hesabu. Baadaye alipelekwa New York kusoma, akawa msaidizi wa Jenerali George Washington vitani, na mwaka 1789 akateuliwa Waziri wa Fedha wa kwanza wa Marekani.

Sensa ya mwaka 1790 ilileta swali la kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Hesabu ilianzia watu 3,615,920, watumwa wakihesabiwa watatu tu kwa kila watano. Dhuluma hiyo haifutwi na kanuni yoyote ya kugawanya. Viti vilikuwa 120. Kwa njia ya Hamilton, jumla ya watu hugawanywa kwa idadi ya viti ili kupata kigawanyo. Kila jimbo hupewa namba yake nzima, kisha viti vilivyosalia huenda kwa majimbo yenye mabaki makubwa zaidi. Delaware, yenye watu 55,540, ilistahili viti 1.84, ikapata 2.

Hamilton alimshauri Rais Washington autie sahihi mswada huo. Washington aliukataa tarehe 5 Aprili 1792, ikafuatwa njia ya Thomas Jefferson: kigawanyo 33,000, mabaki yote yakatupwa. Delaware ikaambulia kiti 1. Hamilton aliuawa mwaka 1804 kwa bastola ya Aaron Burr, Makamu wa Rais, katika pambano la watu wawili. Kanuni yake ilifufuliwa miaka ya 1850.

Ila yake ilionekana baada ya sensa ya 1880. Baraza likiwa na viti 299, Alabama ilipata 8. Likiwa na viti 300, ilipata 7.

Mwanachuo asiyeamini na achukue shule tatu za mfano huko Iramba, zenye wanafunzi 600, 600 na 200, zigawiwe walimu wapya 10. Kigawanyo ni 140. Shule kubwa hupata walimu 4 kila moja, baki 40. Ndogo hupata 1, baki 60. Mwalimu aliyesalia huenda shule ndogo, nayo ikawa na 2.

Sasa Wilaya iletewe mwalimu wa 11. Mafungu huwa 4.71, 4.71 na 1.57. Wanasalia walimu wawili, nao huenda shule kubwa. Shule ndogo yabaki na mwalimu 1, ilhali hakuna mwanafunzi aliyehama hata mmoja.

Hesabu hizi mbili ziandikwe ubaoni kwa mfuatano huo huo, na jibu la pili walitafute wanafunzi wenyewe.