Mtakatifu Titus Brandsma: Padre Aliyewasihi Wahariri Wasichapishe Uongo

Kila tarehe 27 Julai tunafanya kumbukumbu ya Mtakatifu Titus Brandsma, padre Mkarmeli, mwalimu na mwandishi wa habari, aliyeuawa katika kambi ya Dachau baada ya kuwasihi wahariri wa magazeti ya Kikatoliki wasiupe uongo nafasi katika kurasa zao. Katika siku zetu, ambapo uzushi huenea mitandaoni kabla mwandishi makini hajamaliza kuthibitisha jambo, tumeona vema kuwasimulia waamini wetu maisha yake.

Alizaliwa tarehe 23 Februari 1881 katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, karibu na mji wa Bolsward katika jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, akaitwa Anno Sjoerd. Kati ya watoto sita wa familia hiyo, watano waliingia utawani. Yeye alijiunga na Wakarmeli huko Boxmeer mwaka 1898, akachukua jina la baba yake, Titus. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1905, kisha akatumwa Roma, ambako mwaka 1909 alihitimu shahada ya uzamivu katika falsafa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Nijmegen kilipofunguliwa mwaka 1923, alikuwa miongoni mwa maprofesa wake wa kwanza, na mwaka 1932 alichaguliwa kuwa mkuu wa chuo hicho.

Hata hivyo, Padre Titus hakuwa mtu wa vitabu peke yake. Alipokuwa akifundisha katika mji wa Oss alihariri gazeti la mji huo, akaijua kazi ya habari kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 1935, alipoteuliwa kuwa mshauri wa kiroho wa chama cha waandishi wa habari Wakatoliki wa Uholanzi, hakuingia kama mgeni. Pamoja na kuwahudumia kiroho, alihangaikia mafunzo yao na ujira wa haki. Busara yake tunaielewa vizuri: mwandishi mwenye njaa hununuliwa kwa urahisi, na asiyefundishwa hudanganywa kwa urahisi.

Miaka hiyo hiyo, katika nchi jirani ya Ujerumani, Wanazi walikuwa wamekwisha kuyatia magazeti na redio mikononi mwao. Uongo dhidi ya Wayahudi ulirudiwa kila siku, hata watu wakaanza kuwachukia majirani waliokuwa wameishi nao kwa miaka mingi. Padre Titus aliipinga itikadi hiyo darasani na kwa maandishi. Mwezi Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi, na upinzani wa kijeshi ukavunjika kwa siku chache tu. Watawala hao walipoagiza watoto wa Kiyahudi waondolewe shuleni, yeye aliyeziongoza shule za Kikatoliki alikataa.

Mwishoni mwa mwaka 1941 ilitolewa amri nyingine: magazeti yasikatae matangazo ya chama cha Wanazi wa Uholanzi. Huenda wengine waliliona jambo hilo kuwa dogo, kwa kuwa tangazo ni tangazo tu. Lakini msomaji huliamini gazeti lake kama anavyomwamini rafiki, na uongo unaopita katika gazeti hilo huingia nyumbani kwake bila kubisha hodi. Kwa upande mwingine, kukataa kulikuwa na gharama. Gazeti lingeweza kufungwa, na familia za wafanyakazi zikakosa riziki.

Kwa makubaliano na Askofu Mkuu Johannes de Jong, Padre Titus aliandika barua kwa wahariri, kisha akaamua kuipeleka mwenyewe. Mapema Januari 1942 alisafiri mji hadi mji, akaketi na wahariri ana kwa ana, akawaeleza msimamo wa Kanisa bila kuwaficha hatari iliyowakabili. Alikuwa amekwisha kuwatembelea wahariri 14 alipokamatwa tarehe 19 Januari.

Gerezani Scheveningen alitakiwa aeleze kwa maandishi sababu za Waholanzi, hasa Wakatoliki, kukipinga chama hicho, naye akaeleza waziwazi. Kwa kukosa karatasi, aliandika maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila katikati ya mistari ya kitabu kilichokwisha kuchapwa. Alipelekwa Amersfoort, na mwezi Juni akafikishwa Dachau, ambako kazi ngumu, vipigo na maradhi vilimmaliza nguvu. Tarehe 26 Julai 1942, akiwa na umri wa miaka 61, alidungwa sindano ya sumu na muuguzi wa kambi. Muuguzi huyo alikuwa amepewa rozari na mgonjwa wake huyo, na baadaye alitoa ushuhuda juu yake mbele ya Kanisa. Padre Titus alitangazwa Mwenyeheri tarehe 3 Novemba 1985 na Mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Wapendwa, amri ya nane ya Mungu inatugusa sote, kwa maana leo kila mwenye simu amekuwa mhariri. Sauti isiyojulikana mwenyewe, barua yenye muhuri wa kughushi, picha ya zamani iliyopewa maelezo mapya: vyote hutufikia vikitaka tuvipe nafasi. Kutunga uongo hakugharimu kitu, lakini kuutafuta ukweli kuna nauli, muda, na subira ya kuusikiliza upande wa pili. Tunapousambaza uzushi, mwandishi aliyefika hadi kijijini kuuliza hukosa wa kumsikiliza, na hatimaye watu hawaamini hata habari ya kweli.

Basi, kabla ya kutuma ujumbe kwa wenzetu wa jumuiya, tujiulize umetoka kwa nani, ni wa lini, na nani aliyeuthibitisha. Tusipopata jibu, tusiutume. Wahariri wale waliombwa kuhatarisha kazi zao kwa ajili ya ukweli. Sisi tunaombwa kuzuia kidole tu.

Mtakatifu Titus Brandsma, utuombee.