Maisha ya Edmond Becquerel

Mara nyingi gazeti letu limeleta habari za majemadari na wafalme. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyefanya kazi yake chumbani, bila upanga, tena alipopata sifa alikuwa amenizidi mimi miaka miwili tu.

Edmond Becquerel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 24 Machi 1820. Baba yake, Antoine César, alikuwa kwanza afisa mhandisi katika jeshi la Napoleon, kisha akaacha mambo ya vita akawa bingwa wa elimu ya umeme. Kijana alipofikia umri wa kwenda chuo alikubaliwa katika vyuo viwili vikubwa, École Polytechnique na École Normale. Vyote viwili akaviacha, akawa msaidizi wa baba yake! Hapo husimama kila nisomapo habari zake, maana nami mwaka huu najaza fomu ya kuchagua masomo ya mbele, na baba yangu, fundi redio, angependa nirudi nikae naye kazini. Lakini baba yake Edmond alikuwa na maabara yenye platini. Baba yangu ana meza moja na vifaa vya kulehemu.

Basi mwaka 1839, Edmond akiwa na miaka 19, alitia mabamba ya platini katika maji yenye asidi, bamba moja likiwa limepakwa kloridi ya fedha. Mwanga wa jua ulipolipiga, umeme ukapita wayani. Mimi na wenzangu wawili tulijaribu jambo lililo karibu na hilo nyuma ya maabara ya shule. Tulichoma bamba la shaba mpaka likawa jeusi, likapoa, weusi ukabanduka, ukabaki wekundu. Tukalitumbukiza katika maji ya chumvi pamoja na bamba jingine safi. Juani sindano ya kipimo ilisogea kidogo, hata mmoja wetu akadai ni upepo. Tukalitia kivuli, ikarudi. Tuliirudia mara sita.

Umeme wa Edmond nao ulikuwa haba, naye akaendelea na mengine. Mwaka 1848 alipiga picha ya rangi za mwanga wa jua, lakini ilibidi picha ile iwekwe gizani, maana mwanga uliifuta. Akatengeneza na fosforoskopu, chombo cha kupima muda ambao kitu huendelea kung'aa baada ya kumulikwa. Baba yake alipofariki mwaka 1878 alishika nafasi yake katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, Paris. Alifariki tarehe 11 Mei 1891. Mwanawe Henri ndiye aliyegundua mwaka 1896 kwamba urani hutoa miali yenyewe.

Yale maji ya Edmond hayakusahauliwa. Mwaka 1968 Wajerumani Gerischer na Tributsch walitumia oksidi ya zinki, ule unga mweupe uliomo katika dawa za kupaka ngozi. Peke yake haunasi mwanga tuuonao. Ukipakwa rangi, rangi hunasa mwanga na kuupa unga elektroni. Lakini fuwele laini hushika rangi kidogo. Mwaka 1991 O'Regan na Grätzel, huko Lausanne, Uswisi, walitumia punje za oksidi ya titani, ndogo hata punje 50,000 zikipangwa mstari hazitimizi milimita moja, wakapata umeme wa sehemu kama 7 kwa 100 ya nguvu ya jua. Wengine wamejaribu punje za zinki namna hiyo hiyo. Elektroni hupita humo upesi, ila rangi zenye asidi huila zinki, na mpaka leo titani ndiyo inayotangulia.

Fomu yangu bado sijairudisha. Mabamba yetu ya shaba yamo sandukuni mwangu bwenini, na likizo hii nitampelekea baba ayaone.