Shekhar Mehta: Mgeni Aliyeipa Kenya Ushindi Mara Tano

Vitabu vya historia ya motokaa na mashindano yake vina desturi moja: aghalabu huwa na jedwali la washindi. Kando ya jina huandikwa mwaka, aina ya gari na taifa la dereva. Katika majedwali ya Safari Rally, jina la Shekhar Mehta hutokea mara tano, nalo huandamana na neno Kenya. Neno hilo moja lina historia ndefu, na yafaa walimu na wanafunzi wa Nakuru waijue, kwani inawahusu kuliko magari yenyewe.

Mehta hakuzaliwa Kenya. Alizaliwa Kampala mnamo tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na mali nchini Uganda. Angaliweza kuishi maisha ya starehe, lakini moyo wake ulivutwa na usukani. Mwaka wa 1971 alimaliza wa pili katika Safari ya Afrika Mashariki, akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann.

Agosti 1972, Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka na mashamba, wengi wao wakiondoka na kile tu walichoweza kubeba. Mehta alikimbilia Kenya. Tusijisifu kupita kiasi kwa kumpokea, kwani Kenya nayo ilikuwa imetunga, mwaka wa 1967, sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ambazo ziliwafanya Wahindi wengi wafungashe virago mwaka uliofuata. Mkimbizi huyu aliingia katika nchi ambayo haikuwa imeamua bado kama watu wa asili yake ni wenyeji au wapita njia.

Pasaka ya mwaka wa 1973 ilimkuta tena kwenye Datsun 240Z, pamoja na msoma ramani wake Lofty Drews. Huo ndio uliokuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mashindano ya aina hii, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na matope, Mehta na Harry Källström wa Uswidi walikuwa sawasawa kabisa kwa adhabu. Waamuzi wakatazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na ushindi ukawa wa Mehta. Miezi michache tu ilikuwa imepita tangu Waasia wafukuzwe katika nchi aliyozaliwa.

Kisha ikaja miaka ya fahari. Kuanzia 1979 hadi 1982, akisaidiwa na Mike Doughty, alishinda kila mwaka, miaka minne mfululizo, jambo ambalo hakuna dereva mwingine aliyelitimiza katika Safari. Mwaka wa 1979 Hannu Mikkola wa Finland alikuja na Mercedes yenye injini kubwa. Aliambulia nafasi ya pili nyuma ya Datsun ndogo. Siri ya Mehta haikuwa kasi peke yake. Mvua za masika zikinyesha, udongo mweusi hugeuka gundi. Jua likiwaka, vumbi la Bonde la Ufa humfunika dereva asione mbele. Anayeijua nchi hujua wapi pa kukimbia na wapi pa kulihurumia gari. Mkimbizi huyu alikuwa ameijua nchi hii kuliko wengi waliozaliwa humu.

Mwaka wa 1987 alipata ajali mbaya katika mashindano ya Mafarao nchini Misri, nayo ikakatiza maisha yake ya mashindano. Hakuuacha mchezo, bali aliutumikia katika uongozi wa Shirikisho la Kimataifa la Magari. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Mwaka wa 2017, serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44. Utambuzi huo ulimpita kwa miaka 11.

Kwa nini kisa hiki kiwahusu watu wa Nakuru? Kwa sababu hapa ndipo swali la nani mwenyeji na nani mgeni limemwaga damu. Mwaka wa 1992 huko Molo, na tena mapema mwaka wa 2008 katika miji ya Nakuru na Naivasha, majirani waliuana kwa sababu hiyo. Katika miaka hiyo neno madoadoa, ambalo kwa asili ni alama tu za kitambaa au ngozi, lilipewa kazi chafu ya kuwataja binadamu wa kuondolewa. Amin naye aliwaona Waasia kuwa madoa katika nchi yake.

Sarufi ya Kiswahili ina ukarimu mkubwa zaidi. Kiambishi m- katika neno Mkenya hakiulizi mtu amezaliwa wapi, wala babu yake alizikwa wapi. Na wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tangu mwaka wa 2021, ubingwa wa dunia ulirejea Kenya baada ya kutoweka tangu 2002, na magari yakapita Naivasha, Elmenteita na Soysambu, nyumbani kwetu. Wanafunzi watakapoyashangilia, mwalimu na awafungulie lile jedwali la washindi, awaonyeshe jina la Mehta na neno lililo kando yake, kisha awaulize mtu hupataje kuwa Mkenya. Asiharakishe kuwapa jibu.