Koloneli Sanders: mpishi wa kando ya barabara aliyeuza kuku wake

Mtu aliyewahi kukaa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anaijua ile picha: mzee wa kizungu mwenye miwani, ndevu nyeupe na tai nyembamba nyeusi, anacheka kwenye boksi la kuku wa kukaanga. Maduka ya KFC yalifika Nairobi mwaka 2011, kisha Kampala na Dar es Salaam mwaka 2013. Watu wa bonde la Ruzizi waliopitia miji hiyo, wengine kwa masomo, wengine kwa biashara, wengine kwa kukimbia vita, walirudi Kiringye, Sange na Luvungi na hamu ya kuku yule mwenye ngozi kavu inayovunjika mdomoni na nyama laini ndani. Duka lenyewe huku halipo. Basi swali linabaki jikoni: kuku huyo anaweza kupikwa nyumbani?

Jibu liko ndani ya maisha ya mzee huyo. Jina lake ni Harland Sanders. Alikufa mwaka 1980, na maisha yake yanaonyesha kwamba kuku yule alitoka nyumbani kabla ya kuingia dukani.

Mtoto wa mjane

Sanders alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890 karibu na Henryville, jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake alikufa mwaka 1895, mtoto akiwa na miaka 5 tu. Mama akaenda kutafuta kazi katika kiwanda cha kutia nyanya kwenye makopo, na Harland, kwa kuwa ndiye mkubwa, akabaki na wadogo zake wawili. Kuwalinda tu hakukutosha, ilibidi wale. Alipofika miaka 7 alikuwa anajua kuoka mkate na kupika mboga, na nyama alikuwa anaendelea kujifunza.

Akiwa na miaka 10 alianza kibarua shambani kwa watu. Mama aliolewa tena mwaka 1902, lakini kijana na baba wa kambo hawakupatana. Akaondoka nyumbani na shule akaiacha.

Baada ya hapo alifanya kila kazi iliyojitokeza. Alidanganya umri wake akaingia jeshini mwaka 1906, akapelekwa Cuba kwa muda mfupi. Alitia makaa kwenye treni. Alisoma sheria kwa njia ya barua na kufanya kazi ya avoka huko Arkansas, mpaka siku alipopigana na mteja wake mwenyewe ndani ya mahakama. Kazi ikaishia hapo. Akauza bima, akaanzisha kampuni ya kivuko kwenye mto Ohio, akauza matairi ya Michelin. Alikuwa mtu wa hasira za haraka na mdomo mkali, na mara nyingi tabia hiyo ndiyo iliyomfukuzisha kazi.

Meza moja kando ya barabara

Mwaka 1930, wakati uchumi wa dunia umeanguka, kampuni ya Shell ilimpa kituo cha mafuta huko North Corbin, jimbo la Kentucky. Kodi hakulipa, kampuni ilichukua sehemu ya mauzo. Kituo kilikuwa kando ya barabara kubwa, na madereva waliosimama kuweka esanse walikuwa na njaa. Hoteli hakuwa nayo. Alichofanya ni kuwakaribisha kwenye meza ya familia, katika chumba alichoishi, akawapikia vile alivyopika nyumbani: kuku, nyama ya nguruwe, mboga, mkate.

Anayefahamu barabara ya Uvira kwenda Bukavu haoni ajabu yoyote hapo. Penye gari kusimama, hapo mama huleta sufuria. Sanders naye alianza hivyo hivyo, na meza moja ikazaa hoteli.

Lakini kuku wa kukaanga hakuvumbuliwa na yeye. Kusini mwa Marekani chakula hicho kilikuwa cha zamani, na kwa sehemu kubwa kilishikwa na mikono ya wanawake weusi, waliokuwa watumwa na kisha wazao wao, waliopika katika nyumba za mabwana na baadaye wakauza kuku kwenye vituo vya treni ili kulisha familia zao. Sanders alirithi mapishi ya nchi nzima. Umaarufu ukamfikia yeye. Wao, wengi majina yao hayakuandikwa.

Miaka hiyo haikuwa ya furaha tupu. Mwaka 1931 ugomvi na mshindani wake juu ya kibao cha matangazo uliishia kwa risasi, na mfanyakazi mmoja wa Shell akafa. Mwaka 1932 Sanders alimzika mtoto wake wa pekee wa kiume, aliyeugua koo.

Ukoloneli usio na jeshi

Huku Kivu ya Kusini, ukisema koloneli watu wanawaza silaha na askari. Ukoloneli wa Sanders haukuwa wa jeshi. Ni heshima ambayo gavana wa Kentucky huwapa raia, na yeye aliipata katikati ya miaka ya 1930 kwa sababu ya chakula chake. Suti nyeupe na ndevu zilikuja baadaye, biashara ilipohitaji sura ya kukumbukwa.

Tatizo la nusu saa

Kuku wa Sanders alikaangwa katika kikaango cha chuma, taratibu, kama nusu saa. Ladha ilikuwa nzuri, lakini msafiri haraka zake ni nyingi. Akipika kabla wateja hawajafika, kuku waliobaki wanatupwa. Kumzamisha kuku katika mafuta mengi yenye moto mkali kulikuwa kwa haraka zaidi, ila Sanders aliona nyama inakauka na ngozi inaiva vibaya.

Mwaka 1939 alipata sufuria ya presha, kitu kipya wakati huo, akaanza kuijaribu kwa mafuta badala ya maji. Mvuke uliofungiwa ulilainisha nyama, na muda ukashuka hadi chini ya dakika kumi. Mwaka huo huo moto uliteketeza hoteli yake, akaijenga upya na kuipanua. Mwaka 1940 akakamilisha mchanganyiko wake wa viungo 11, ule unaoitwa siri mpaka leo.

Hapo ndipo mpishi wa nyumbani anapaswa kusimama kidogo. Sufuria ya presha ilikuwa dawa ya tatizo la biashara. Ladha ilikuwepo tayari kwenye kikaango cha kawaida; kilichokosekana ni muda. Nusu saa ni hasara kwa mwenye hoteli. Kwa familia inayongojea chakula cha Jumapili, nusu saa si kitu.

Barabara inapohama

Mwaka 1952 Pete Harman, mwenye hoteli katika jimbo la Utah, alikuwa wa kwanza kuuza kuku wa Sanders kwa mapatano. Jina la Kentucky Fried Chicken lilizaliwa kwake, na baadaye hata ile ndoo ya karatasi.

Kisha serikali ikapanga barabara mpya isiyopita mbele ya hoteli ya Corbin. Magari yakihama, njaa ya wasafiri inahama nayo. Mwaka 1956 Sanders aliuza hoteli yake kwa mnada, dola 75,000, akalipa madeni. Akabaki na akiba ndogo na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Alikuwa na miaka zaidi ya 65.

Kwenye simu za watu inazunguka hadithi ya mzee maskini aliyeanza kupika uzeeni na kukataliwa mara 1,009. Hadithi hiyo inachekesha na kutia moyo, lakini inaficha jambo kubwa: mzee huyo alikuwa ameshapika kwa wasafiri kwa miaka 25, mapishi yake yalikuwa yamejaribiwa, na Harman alikuwa ameshaanza kuyauza. Alichopoteza ni jengo. Kazi ya mkono alibaki nayo.

Akapakia sufuria na viungo ndani ya gari, akazunguka hoteli kwa hoteli, usiku mwingine akilala humo humo garini. Aliwapikia wenye hoteli na wafanyakazi wao. Wakipenda, wanapeana mkono. Kila kuku aliyeuzwa alimletea senti 4, baadaye 5. Mke wake wa pili, Claudia, alibaki nyumbani akichanganya viungo na kuvituma. Kufika mwaka 1964 hoteli na maduka yaliyouza kuku huyo yalizidi 600.

Kuuza jina

Mwaka huo wa 1964 Sanders aliuza kampuni kwa dola milioni 2, akabakiza maduka ya Kanada. Wanunuzi, John Y. Brown na Jack Massey, walimwekea mshahara wa maisha ili aendelee kuwa uso wa kampuni. Alikuwa na miaka 73.

Sasa likaja jambo ambalo fedha haikulitatua. Alizunguka madukani na suti yake nyeupe, akaonja, na akakuta chakula kimebadilika. Mchuzi hasa ulimuudhi: kampuni ilikuwa imetafuta njia rahisi ya kuupika, naye akaulaumu mbele ya waandishi wa habari bila kuchagua maneno. Mwenye maduka mmoja alimshtaki kwa maneno hayo, kesi ikaanguka. Yeye na Claudia walipofungua hoteli yao huko Shelbyville, kampuni, iliyokuwa imepata mwenye mwingine, iliona anaingilia mali yake. Sanders akaenda mahakamani. Waliishia kupatana: alilipwa dola milioni 1, na hoteli ikabaki na jina la Claudia Sanders.

Sura yake ilikuwa kwenye kila boksi, lakini jinsi ya kupika haikuwa mikononi mwake tena. Kumbe hata yeye, mwisho wa maisha yake, alikuwa kama wale wanaoitafuta ladha ya zamani dukani na kuikosa.

Alikufa tarehe 16 Desemba 1980, miaka 90, na suti yake nyeupe akazikwa nayo katika makaburi ya Cave Hill, mjini Louisville, Kentucky. Leo jimbo hilo ni kati ya yale yaliyopokea wakimbizi wengi wa Kikongo Marekani. Wapo Wakongo wanaoishi, kufanya kazi na kupika sombe katika mji huo huo alimozikwa.

Siri, na mbabula ya Kiringye

Kampuni inaendelea kuilinda karatasi yake. Mwaka 1983 William Poundstone, mwandishi wa Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa maabara wa unga wa kuku huyo: unga wa ngano, chumvi, pilipili manga na kile kiungo cha ladha kilichomo pia ndani ya Maggi. Mwaka 2016 gazeti la Chicago Tribune lilitoa orodha ya viungo 11 iliyoonekana katika albamu ya familia ya Claudia, na pilipili manga nyeupe, paprika, tangawizi, haradali, kitunguu saumu na seleri zikiwemo. Kampuni haikukubali kwamba ndiyo yenyewe. Zote mbili, hata hivyo, hazina kitu cha ajabu.

Kwa jikoni la Kiringye, cha kwanza ni kuku. Jogoo mchanga au mtetea mchanga anakaangwa moja kwa moja. Kuku wa kienyeji aliyekomaa anataka kuchemshwa kwanza polepole na chumvi na tangawizi mpaka alainike, kisha apoe na kukauka. Mchanga alale saa kadhaa, mahali pa baridi, katika maziwa ya kuganda yenye chumvi. Uchachu wake unalainisha nyama na kushikisha unga.

Unga wa ngano uchanganywe na chumvi, pilipili manga, tangawizi ya unga na kitunguu saumu kikavu. Mwenye paprika aongeze kwa ajili ya rangi. Vipande vikishapakwa vipumzike robo saa, ili unga usidondoke kwenye mafuta. Mafuta ya karanga au mafuta meupe ndiyo yanayofaa. Mawese mekundu yatatoa kuku mzuri, lakini wa ladha nyingine. Moto wa makala uwe wa wastani, vipande vichache kwa zamu, vikigeuzwa. Vikianza kuwa na rangi, makala yapunguzwe na sufuria ifunikwe nusu kwa muda mfupi. Mwishoni mfuniko uondolewe ili ngozi ikauke. Kuku ameiva pale maji yanayotoka karibu na mfupa hayana damu.

Kitu kimoja hakifai kuigwa: kuweka mafuta ya kukaangia ndani ya sufuria ya presha ya nyumbani. Sufuria hizo zimetengenezwa kwa maji. Mafuta yenye moto yakilipuka yanaunguza uso na nyumba. Kikaango na nusu saa vinatosha, kama vilivyotosha kwenye ile meza ya Corbin.